Vyaelea vimeundwa: Mambo ya kuzingatia kabla ya kushusha pikapu kwa mifuko ya hewa

PIKAPU iliyoshushwa hadi bodi ikakaribia kulala juu ya lami huvutia macho popote ipitapo. Mwenye gari hubonyeza swichi, hewa ikasikika ikitoroka, na gari likapiga magoti mfano wa ngamia anayeshushiwa mzigo. Akibonyeza swichi nyingine, gari huinuka tayari kwa safari. Mtazamaji huona swichi na kusikia hewa tu. Asichokiona ni kazi kubwa ya chuma iliyofanywa chini ya gari hilo. Wahenga walinena kuwa vyaelea vimeundwa, na usemi huo unalifaa gari linaloelea juu ya hewa kuliko gari jingine lolote.

Makala haya yanafafanua jinsi mfumo wa mifuko ya hewa unavyofungwa katika pikapu, sehemu zake muhimu, na makosa yanayoweza kuyagharimu maisha ya dereva na ya watumiaji wengine wa barabara. Msingi wa maelezo yote ni huu: springi ya kawaida ya nyuma ya pikapu hufanya kazi mbili, ilhali mfuko wa hewa hufanya moja tu. Fundi asiyelielewa hilo atatengeneza gari la kupendeza macho lakini lisilofaa kuendeshwa.

Asili ya mtindo huu

Mtindo wa kushusha magari ulishika mizizi katika jimbo la California, Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa miongoni mwa vijana Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mwaka 1958 sheria za jimbo hilo zilipiga marufuku gari lililobadilishwa hivi kwamba sehemu yake yoyote iko chini zaidi ya ukingo wa chini wa rimu za magurudumu. Mwaka uliofuata, mkazi mmoja wa jimbo hilo, Ron Aguirre, alilifunga gari lake aina ya Chevrolet Corvette pampu na silinda za mafuta zilizotokana na vipuri vya ndege. Kwa njia hiyo aliweza kulishusha gari lake na kuliinua tena bila kutoka kitini.

Wakati huo hewa ilikuwa tayari imeanza kutumiwa katika magari makubwa. Mabasi ya kampuni ya General Motors yalianza kubebwa na mifuko ya hewa mwaka 1953, na mwaka 1957 mfumo huo ukaingia katika gari la kifahari la Cadillac Eldorado Brougham. Baadaye, pikapu ndogo kutoka Japan kama vile Datsun, Toyota, Mazda na Isuzu zilijipatia wapenzi wengi nchini Marekani, na katika miaka ya 1990 mifuko ya hewa ikawa njia iliyopendwa zaidi ya kuzishusha.

Mkenya aliyewahi kusafiri kwa basi la masafa marefu, au kusimama kando ya trela la kisasa linaposhusha mzigo, huenda amesikia pumzi ya mfumo huo huo. Kwa hivyo teknolojia yenyewe si ngeni hapa nchini. Kilicho kigeni ni kuihamishia kwenye pikapu ambayo haikuundwa kwa ajili yake.

Kazi mbili za springi

Nyuma ya pikapu nyingi zinazotumika humu nchini, zikiwemo Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Nissan Hardbody, kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Kazi ya kwanza ya springi hizo inajulikana na wote: kubeba uzito wa gari na mzigo wake huku zikipunguza mtikisiko.

Kazi ya pili haionekani kwa urahisi. Springi hizo ndizo zinazoishikilia ekseli mahali pake. Huizuia kusogea mbele na nyuma, huizuia kwenda kando gari linapokata kona, na huizuia kujipinda dereva anapokanyaga mafuta au breki. Ncha zake zimefungwa kwenye fremu, nayo ekseli imefungwa karibu na katikati yake. Ukiziondoa, ekseli haina kinachoishikilia tena isipokuwa shokomzoba, mipira ya breki na propela shafti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kwa kazi hiyo.

Mfuko wa hewa ni mpira mnene wenye nyuzi ndani yake, uliobanwa kati ya bamba mbili za chuma. Unaweza kubeba uzito, lakini hauwezi kuizuia ekseli isiende kando. Ukisukumwa kutoka ubavuni huyumba kama puto. Kwa sababu hiyo, fundi anayeondoa springi na kuweka mifuko analazimika kuunda kitu kingine kitakachoifanya ile kazi ya pili.

Kuna mifuko midogo inayouzwa kwa wenye magari ya mizigo, ambayo huwekwa juu ya springi zilizopo ili kuzisaidia. Hiyo haishushi gari wala haiondoi springi, na haipaswi kuchanganywa na mfumo unaozungumziwa hapa.

Aidha, zipo njia za mkato ambazo mafundi wengine huzitumia kushusha magari, kama vile kukata springi au kuzichoma kwa moto wa gesi hadi zilegee. Chuma cha springi hupata ugumu na unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani. Moto wa gereji huuvuruga mpango huo, na springi iliyochomwa huweza kuvunjika ghafla gari likiwa mwendoni.

Hewa inavyobeba mzigo

Hesabu ya mfuko wa hewa ni nyepesi. Uzito unaobebwa hupatikana kwa kuzidisha shinikizo la hewa kwa eneo la mfuko linalosukumwa na hewa hiyo. Mathalani, mfuko wenye upana wa inchi sita una eneo la takriban inchi mraba 28. Ukijazwa hewa yenye shinikizo la ratili 50 kwa kila inchi mraba, utabeba ratili 1,400, yaani takriban kilo 635. Kipimo hicho cha ratili kwa inchi mraba ndicho kinachosomwa na wajaza upepo katika vituo vya petroli.

Hata hivyo, mahali ulipowekwa mfuko hubadilisha hesabu hiyo. Mfuko ukikaa moja kwa moja juu ya ekseli, hubeba uzito ulio juu ya gurudumu lake. Ukikaa katikati ya mkono wa chuma, nusu ya njia kati ya bawaba na gurudumu, utalazimika kutoa nguvu maradufu, kwa kanuni ile ile ya wenzo inayofundishwa shuleni. Wanaosahau hilo hununua mifuko midogo, kisha hulazimika kuijaza hewa nyingi kupita kiasi, na gari hurukaruka kama mpira.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa hewa peke yake haizimi mtikisiko. Gari lenye mifuko bila shokomzoba litaendelea kupanda na kushuka baada ya kila tuta. Kwa hiyo shokomzoba ni lazima zibaki, na mara nyingi huhitaji kuhamishwa au kubadilishwa kwa nyingine fupi zinazolingana na mwendo mpya wa ekseli.

Kazi ya nyuma

Mbinu inayotumiwa zaidi ya kuishikilia ekseli ya nyuma baada ya springi kuondolewa ni mikono minne ya chuma. Miwili ya chini huunganisha ekseli na fremu na kuizuia isiende mbele wala nyuma. Miwili ya juu huizuia isijizungushe wakati wa kuongeza kasi na kupiga breki. Iwapo mikono ya juu itaelekezwa kwa pembe mfano wa herufi V, itaizuia ekseli isiende kando pia. Iwapo mikono yote minne itakwenda sambamba, basi itahitajika fimbo ya tano, iitwayo fimbo ya Panhard, inayotoka kwenye fremu upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili.

Kisha lipo suala la nafasi. Pikapu inaposhuka, ekseli haishuki. Fremu ndiyo inayoiteremkia. Gari likiteremka vya kutosha, fremu huigonga ekseli. Ndiyo maana mafundi huikata fremu kwa umbo la nusu duara au ngazi juu ya ekseli, kisha kuiimarisha kwa vyuma vipya.

Hii ndiyo hatua nyeti kuliko zote. Fremu ni uti wa mgongo wa pikapu. Kabla ya kukatwa, inapaswa kutegemezwa pande zote mbili za mahali pa kukatwa, la sivyo itapinda na haitarudi katika hali yake. Vyuma vipya visiwe vyembamba kuliko vya fremu yenyewe, navyo vienee mbele na nyuma ya mkato ili nguvu isijikusanye mahali pamoja. Uchomeleaji ufanywe na fundi aliyefuzu, si yule anayejulikana tu kwa kutengeneza milango na madirisha. Hapa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) huwatahini mafundi na kuwapa vyeti kwa viwango, na si vibaya mteja kuomba kuonyeshwa cheti hicho. Mshono unaong'aa juu waweza kuwa haukupenya ndani, na kasoro hiyo hujitokeza siku gari linapoingia shimoni likiwa na mzigo.

Fauka ya hayo, pembe ya propela shafti hubadilika ekseli inapopanda kuelekea kwenye sakafu. Krosi za shafti hiyo zikikaa katika pembe isiyofaa, gari hutetemeka likiwa kasini na krosi huchakaa upesi. Urefu na pembe za mikono minne ndizo zinazoamua jambo hilo, kwa hivyo vipimo vichukuliwe gari likiwa katika kimo litakachoendeshwa nacho. Tangi la mafuta, gurudumu la akiba na eksozi pia hukaguliwa, kwani mara nyingi huhitaji kuhamishwa. Aghalabu hata sakafu ya sehemu ya mizigo hukatwa ili kuipa ekseli na mifuko nafasi ya kupanda.

Kazi ya mbele

Sehemu ya mbele ya pikapu hutofautiana kulingana na aina na umri wa gari. Pikapu nyingi za zamani zina fimbo ndefu za chuma zinazojisokota ili kufanya kazi ya springi, ilhali Hilux za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina springi za mviringo. Baadhi ya Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zinazoendeshwa kwa magurudumu manne zina ekseli nzima na springi za vyuma bapa hata mbele, na hizo huhitaji kazi inayofanana na ile ya nyuma.

Pale ambapo kila gurudumu lina mikono yake ya juu na chini, kazi ni nafuu kidogo, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo inayolishikilia gurudumu. Springi au fimbo zikiondolewa, mfuko huwekwa kati ya mkono wa chini na fremu, juu ya vikombe vya chuma vilivyochomelewa kwa uangalifu. Hata hivyo, fundi ahakikishe kuwa mipira ya breki haivutwi gari linapoinuka, na kuwa viungo vya usukani havipindi kupita uwezo wake gari linaposhuka.

Kanuni ya jumla ni kuwa mfuko usiguswe na kitu chochote katika kimo chochote. Nafasi ya takriban inchi moja iachwe kuuzunguka. Ukisuguana na fremu au tairi, mpira huo utatoboka baada ya muda mfupi. Vilevile, mfuko usitumiwe kama kizuizi cha mwisho wa mwendo. Viwekwe vigingi vya mpira vya kupokea fremu inaposhuka kabisa, na shokomzoba au mikanda maalumu izuie ekseli isining'inie na kuuvuta mfuko hadi kuupasua.

Tangi, vali na mabomba

Hewa huvutwa na kompresa ndogo ya umeme, ikahifadhiwa ndani ya tangi la chuma au alumini, kisha ikapelekwa kwenye mifuko kupitia vali. Kompresa huwa na swichi ya shinikizo inayoiwasha na kuizima yenyewe. Katika mifumo mingi ya kawaida, huwaka shinikizo likishuka hadi ratili 110 kwa inchi mraba na kuzimika likifika 145. Tangi liwe na vali ya usalama ya kutoa hewa endapo swichi hiyo itakwama.

Mfumo kamili huwa na vali nane: kila gurudumu na vali yake ya kuingiza hewa na nyingine ya kuitoa. Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa kuiunganisha mifuko ya kushoto na kulia kwa bomba moja. Hilo ni kosa kubwa. Gari likikata kona, uzito huhamia upande wa nje, hewa hukimbilia mfuko wa upande wa ndani, na gari huegemea nje zaidi wakati ambapo dereva alihitaji lisimame imara.

Mabomba yawe ya nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki za hewa za malori, yapitishwe mbali na eksozi, na yakingwe kwa mpira kila yanapopenya kwenye chuma. Kila kiungo hukaguliwa kwa maji ya sabuni. Palipo na povu pana upenyo. Tangi nalo hukusanya maji kutokana na unyevu wa hewa, hasa katika maeneo ya Pwani, hivyo liwe na koki chini yake na lifunguliwe mara kwa mara. Maji yakiachwa huingia kwenye vali na kuziozesha.

Kwa upande wa umeme, kompresa hula nguvu nyingi. Waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, na swichi ya shinikizo iwashe relei badala ya kubeba mkondo wote. Nyaya nyembamba hupata moto, na si magari haba yaliyoteketea kwa sababu ya fyuzi iliyosahauliwa. Hali kadhalika, betri na vifaa vya kompyuta ya gari vichomolewe kabla ya uchomeleaji kuanza, na tangi la mafuta liondolewe na kuwekwa mbali.

Breki: Hatari isiyoonekana

Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za miaka mingi, zina vali maalumu inayogawa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma. Vali hiyo hufungwa kwenye fremu na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likiwa tupu, fremu huwa mbali na ekseli, na vali hupunguza nguvu za breki za nyuma. Likiwa na mzigo, fremu hushuka, na vali huongeza nguvu hizo kwa kuwa magurudumu ya nyuma sasa yana uzito wa kuyakandamiza barabarani.

Pikapu ikishushwa, vali hudhani imebeba mzigo. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, hasa barabara ikiwa na maji, magurudumu ya nyuma yaliyo mepesi hujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likazunguka barabarani. Gari hilo laweza kuwa limeendeshwa vizuri kwa miezi kadhaa bila dalili yoyote, hadi siku hiyo. Kwa hiyo vali hiyo irekebishwe upya kulingana na kimo kipya, au iwekwe nyingine ya kurekebishwa kwa mkono, kisha breki zijaribiwe mahali pasipo na watu wala magari.

Majaribio kabla ya barabara

Kazi ikikamilika, gari lipandishwe na kushushwa polepole huku fundi akitazama kila pembe. Usukani uzungushwe hadi mwisho, kushoto na kulia, katika kila kimo. Mfuko usijazwe hewa ukiwa haujafungwa garini, kwani waweza kurukia mtu, wala fundi asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa peke yake. Vigingi vya chuma viwekwe chini ya fremu kila wakati.

Baada ya hapo hewa yote itolewe ili kuona gari linalalia wapi. Ile kanuni ya California ya mwaka 1958 ina mantiki hata leo: kisiwepo chochote kinachoning'inia chini ya ukingo wa rimu. Mfuko ukipasuka au tairi likiishiwa upepo katika barabara kuu, gari linapaswa kuendelea kubingiria juu ya magurudumu yake hadi lisimame. Likilalia fremu, tangi la mafuta au mkono wa usukani, dereva atakuwa amepoteza udhibiti.

Mwisho, mwelekeo wa magurudumu upimwe na kurekebishwa gari likiwa katika kimo cha kuendeshewa, na bolti zote zikazwe upya baada ya siku chache za mwanzo.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) inataka kila gari lililo barabarani na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha wengine. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayosimamia ukaguzi na usajili wa magari. Anayenuia kuikata fremu ya gari lake na aulize kwanza, kwani kurejesha fremu iliyokatwa ni kazi ngumu kuliko kuikata. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi. Gari lililobadilishwa pasipo bima kujua laweza kumwacha mwenyewe bila fidia baada ya ajali.

Nani anafaa kufanya hivi?

Mifuko ya hewa ina sifa moja ambayo njia nyingine nyingi za kushusha gari hazina: humruhusu dereva kuinua gari lake anapofika kwenye tuta au barabara iliyoharibika, na humu nchini vyote viwili havikosekani. Lakini haiongezi uwezo wa pikapu kubeba mizigo. Sakafu ikikatwa na nafasi ya ekseli ikipunguzwa, uwezo huo hupungua.

Kwa hivyo pikapu inayotegemewa kupeleka viazi kutoka Nyandarua hadi Marikiti, Nairobi, na iachwe na springi zake. Mfumo huu unamfaa aliye na gari la pili la burudani na maonyesho, mwenye subira ya kutafuta fundi stadi, na aliye tayari kulipia mikono ya chuma, fremu na breki kabla ya kununua mifuko yenyewe. Akipungukiwa na fedha, ni heri asubiri kuliko kuanza na mifuko na kuacha ekseli bila cha kuishikilia.